Jembe la Baba na Mto Uliohama

Harufu yenyewe sijui kama ina jina. Ni ile inayopanda maji yanapogusa udongo mweusi uliokaa miezi mingi bila kulowa, ule uliopasuka hadi mguu wa mtoto unaweza kuzama ndani ya ufa. Hapa Garsen mafuriko yakikaribia, utawaona wanawake wamesimama milangoni wakivuta pumzi na kuambiana kwamba maji ya bara yamefika. Wengi wanaipenda. Mimi hufunga mlango wa duka langu la vitenge nikakaa ndani na joto langu, jasho likinitoka, na wateja wananisema kwamba nina maringo. Waacheni waseme. Harufu ile niliinusa kwenye miguu ya Baba asubuhi moja ya ukame, na tangu siku ile sijaivuta tena kwa raha.

Kijiji chetu kilikuwa chini ya Garsen, upande wa kuelekea Chara. Nasema kilikuwa kwa sababu ukienda leo utakuta misingi ya nyumba, kanisa lisilo na paa, na mbuzi wa watu nisiowajua wakilala pale madhabahu ilipokuwa. Zamani mto ulipita karibu mno, hata Mama akisuuza vyombo aliyamwaga maji machafu mtoni bila kuinuka alipokaa. Usingizi ulitupata tukisikiliza viboko wakikoroma ng'ambo kama wajomba walioshiba. Watu wa nyikani walituita watu wa mto, nasi tulitembea vifua mbele kwa jina hilo, kana kwamba mto tuliuchimba sisi.

Baba yangu aliitwa Yona. Alikuwa mzee wa kanisa, na msinicheke nikiwaambia kwamba kwa umri niliokuwa nao sikuona tofauti kubwa kati yake na Mungu. Wote wawili walikuwa na sauti nzito na wote wawili hawakupenda kelele wakati wa kula. Kwaya ikiimba, sauti ya Baba ilitoka chini kabisa, benchi nililokalia likatetemeka, nami nikajua dunia iko salama. Siku za Meza ya Bwana yeye ndiye aliyebeba sinia, akipita benchi kwa benchi katika shati jeupe ambalo Mama alikuwa amelipiga pasi ya makaa mpaka kola ikasimama yenyewe.

Lakini alikuwa na kazi nyingine iliyoheshimiwa hata zaidi, ingawa mchungaji asingependa kusikia hivyo. Kila ukoo ulikuwa na kipande chake cha ukingo wa mto wa kutunza. Ukoo ulijaza njia za viboko, ukaziba mashimo ya panya, ukapanda matete palipoanza kumomonyoka. Sisi tulipewa kona, mahali ambapo mto ulijipinda ghafla na kuuegemea ukingo kwa bega lake lote. Ukingo pale ulikuwa mwembamba, na mashamba ya upande wa pili yalikuwa chini kuliko maji yenyewe. Kwa hiyo sheria ya wazee ilikuwa moja: maji ya mashamba yanapita kwenye mfereji wa kijiji, kwa zamu, na hakuna mtu anayeugusa ukingo kwa jembe. Hata sisi watoto tuliijua. Ukionekana unachokoachokoa ukingo kwa kijiti, mama yeyote aliyepita alikuwa na ruhusa ya kukuchapa, na ukienda nyumbani kushtaki ulichapwa tena.

Chini kidogo ya kona palikuwa na malka, njia ambayo Waorma walishushia ng'ombe wao mtoni wakati wa kiangazi. Miongoni mwao alikuwa Galgalo, rafiki wa Baba. Alikuwa mrefu, mkimya, mtu wa kuchekea puani tu. Alituletea maziwa katika kibuyu kilichofukizwa moshi, nasi tukampa mahindi na ndizi. Alimtania Baba kwamba watu wa jembe hutembea wameinama kama waliopoteza sindano, na Baba akamjibu kwamba siku Mworma atakaposhika jembe, yeye Baba atavaa sketi aende kanisani. Binti yake, Dahabo, alikuwa rika langu. Yeye ndiye aliyenifundisha kukamua. Mimi nilimfundisha kula kambare wa kuchoma, chakula ambacho kwao kilikuwa kinyaa kitupu, na alikuwa akijisugua midomo kwa majani kabla ya kurudi kwa mama yake ili asinuke.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Mto ulishuka hadi mchanga ukaonekana katikati, mfereji wa kijiji ukawa unatoa kijimkondo cha kuaibisha, na zamu zikawa ndefu. Mpunga wa Baba ulikuwa umeanza tu kutoa masuke. Kila mwaka fungu la kwanza la mavuno lililopelekwa kanisani lilikuwa la kwake, na watu walikuwa wameshazoea kusema hivyo, naye alikuwa ameshazoea kuwasikia wakisema. Nilimwona amesimama shambani akiyafikicha masuke viganjani na kupuliza makapi matupu. Kama ni njaa, sote tulikuwa na njaa. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na sidhani ilikuwa njaa. Hakuweza tu kuwa mtu ambaye mpunga wake umekufa.

Asubuhi moja nilikuwa jikoni na Bibi, mama yake Baba, akipuliza moto. Baba akaingia kutoka upande wa mashamba, jembe mkononi. Harufu ilitangulia, kisha nikaona miguu. Ilikuwa na tope hadi magotini. Katika kijiji kizima, majira yale, hakuna aliyekuwa na tope mguuni. Sote tulikuwa na vumbi. Bibi aliacha kupuliza moto. Aliitazama miguu ile, akamtazama mwanawe usoni, kisha akachota maji mtungini, akainama na mgongo wake ule wa uzee, akamwosha mguu mmoja halafu wa pili. Baba alisimama tu kama mtoto anayeoshwa. Mimi nilichoona ni maji niliyoyapandisha mwenyewe kutoka mtoni yakimwagwa chini, nikanuna.

Alichokuwa amefanya tulikuja kukijua baadaye. Alikuwa ameukata ukingo pale konani, chini hadi usawa wa maji yaliyobaki, upana wa jembe moja, si zaidi. Usiku alifungua maji yakaenda shambani kwake, na kabla ya mapambazuko akaziba kwa vigogo vya migomba na tope, akafunika kwa matete. Yeye mwenyewe ndiye mlinzi wa kona, nani angekwenda kumkagua? Mpunga ukachangamka. Watu wakasema Mungu anawajali watumishi wake, na Baba akaitikia amina.

Mafuriko yalitujia bila tone moja la mvua kudondoka kwetu. Ndivyo mto wetu ulivyo, mvua inanyesha bara na sisi tunaletewa maji jua likiwaka. Habari zilitufikia kutoka Ndera kwamba mto umebadilika rangi. Siku hiyo nilimwona Baba akikimbia, jambo ambalo sikuwahi kuliona, amebeba vigogo vya migomba begani, akienda na kurudi, akienda na kurudi, na Mama akimsifu kwa majirani kwamba mume wake ana uchungu na kijiji.

Ukingo ulikatika alfajiri. Sauti yake ilikuwa kama kundi kubwa la ng'ombe linalotimka. Tulipopanda kwenye kilima cha kanisa na kutazama chini, ule ufa wa upana wa jembe ulikuwa umekuwa lango, na mto mzima ulikuwa ukiingia. Shamba la kwanza kuondoka lilikuwa letu. Ule mpunga alioibia maji ulipinduka mbele ya macho yake, masuke juu, kisha haukuonekana tena. Halafu yakafuata mashamba ya watu wote, migomba, mahindi, na makaburi ya upande wa chini.

Maji yalipopungua tulisubiri mto urudi mahali pake. Haukurudi. Ulikuwa umepata njia ya chini zaidi, kupitia mashambani hadi nyikani, na kwa nini mto upande tena wakati umeshashuka? Mlangoni kwetu yakabaki madimbwi. Sisi watoto, Mungu atusamehe, tulifurahi kupindukia. Kambare walikuwa wakigaagaa kwenye tope, unawaokota kama maembe. Tulikula samaki asubuhi, tukala mchana, tukala hadi mbwa wakawa wanawanusa na kuondoka. Tuliona ni sherehe. Kisha madimbwi yakageuka kijani, yakaanza kunuka, na Mama akaanza safari ya kwenda mto ulikohamia, akitoka giza na kurudi jua likiwa utosini, mtungi kichwani, bila nguvu ya kututukana.

Wazee wakaita baraza. Mtu mmoja akasema kwato za ng'ombe ndizo zilizoulegeza ukingo, na mara ile watu wote wakawa wameliona hilo tangu zamani. Kwa kweli ilikuwa nafuu kwao kuwa na mtu wa kumlaumu. Galgalo alikuwepo, amesimama kwa mguu mmoja, fimbo mabegani. Hakubishana na umati. Alimgeukia Baba.

"Yona, kila asubuhi wewe unapita pale kona," alisema. "Ng'ombe yangu ilifika pale? Sema mbele ya watu."

Watu wakamtazama mlinzi wa kona. Nilikuwa nimekaa miguuni pa Mama na nilimwona Baba akilamba midomo.

"Nyayo za ng'ombe zilikuwepo," alisema.

Na ni kweli zilikuwepo. Malka ilikuwa pale pale karibu, nyayo zingekosaje kuwepo? Nimesikia uongo mwingi maishani, na mwingi nimeuuza mwenyewe pamoja na vitenge, lakini sijasikia mwingine uliosemwa kwa maneno ya kweli matupu kama ule. Galgalo akaishusha fimbo yake polepole.

Vijana hawakungoja zaidi. Musa, mdogo wake Mama, ndiye aliyewaongoza. Waliifunga malka kwa miiba, wakawakatakata ng'ombe wawili watatu kwa panga, na Galgalo alipojaribu kuwazuia wakamvunja mkono wa kulia. Siku ya pili familia yake ilihama. Walipita nyuma ya kanisa, mkono wa Galgalo umefungwa kwa kitambaa cha mkewe, na Dahabo akiwa mwisho, akiswaga ndama. Nilimpungia mkono. Alinitazama kama mtu asiyenijua, akapita.

Tangu hapo Baba alianza kupungua. Hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemshuku, watu walimsalimu vilevile na kumwomba awaombee wagonjwa. Lakini alikuwa akikaa mbele ya sahani, anamega tonge, analizungusha mkononi, kisha anampa paka. Sauti yake kanisani ilipotea. Alifungua kinywa pamoja na wenzake, ila benchi langu halikutetemeka tena, nami nikawa naliwekea kiganja kulisikiliza. Usiku, Mama alisema, alikuwa akilala macho wazi kama samaki.

Ikafika siku ya Meza ya Bwana. Baba alipita na sinia kama kawaida, shati jeupe likimning'inia. Alipofika kwa Bibi, akalisogeza. Bibi hakunyoosha mkono. Alikaa na viganja vyake vimefungwa mapajani, akimtazama mwanawe machoni, hadi vikombe vikagongana juu ya sinia. Watu walidhani bibi kizee anaumwa. Baba akapita benchi la pili.

Nyumbani Baba alimfuata Bibi hadi nyuma ya jiko, na mimi nilikuwa pale nikichambua mchele wa msaada. Hakuniona, au aliniona na hakujali. Alimwuliza kwa nini amemwaibisha. Kisha, kabla hajajibiwa, akasema kwa sauti ya chini kwamba Mungu anampiga, kwamba ameona mkono wa Mungu katika mafuriko yale, na mtu aliyepigwa na Mungu hana pa kwenda.

Bibi alikasirika. Nilimjua Bibi kwa upole, kwa hiyo jambo hilo nimelikumbuka hadi leo.

"Usimsingizie na Mungu," alisema. "Galgalo anatosha. Mungu hajakupiga, Yona. Maji yamepita pale ulipoyafungulia wewe. Mungu yuko palepale anakuita, na wewe umeziba masikio kwa tope."

Baba akaondoka. Nilimwuliza Bibi ana maana gani, akaniambia nichambue mchele.

Siku nyingi baadaye mwanamke mmoja wa Kiorma aliyeuza maziwa Garsen alimwambia Mama habari. Familia ya Galgalo, kwa kufungiwa malka, ilikuwa imefuata madimbwi ya mto wa zamani kuelekea chini, na watoto wakanywa yale maji ya kijani. Waliharisha. Wengine walipona. Dahabo alifia njiani, akazikwa palepale chini ya mti wa mkoma, na ng'ombe wakaswagwa wakaendelea. Mama alitusimulia mlangoni hata kabla hajatua mtungi. Mimi nilianza kulia. Baba alikuwa ananoa panga. Aliliweka chini, akaingia ndani, na hakutoka hadi Jumapili.

Jumapili ile mchungaji alikuwa amefikia mwisho wa mahubiri. Ningependa kuwaambia kwamba yalikuwa mahubiri makali ya toba, lakini ukweli ni kwamba alikuwa akitukumbusha kufagia uwanja wa kanisa. Baba alisimama. Alitembea hadi mbele, akageuka, na ile sauti yake ya chini kabisa ikarudi.

"Ukingo niliukata mimi," alisema. "Kwa jembe langu, kwa ajili ya mpunga wangu. Ng'ombe wa Galgalo hawakufika pale. Nilimsingizia, na mtoto wake amekufa. Nimemkosea Mungu, na nimewakosea nyinyi."

Nikasikia popo darini. Kisha mama mmoja aliyepoteza shamba akaanza kuomboleza kama kwenye msiba, na mwingine akampokea. Musa alisimama. Alikuwa ametokwa na jasho, uso umepauka.

"Mkono wake niliuvunja mimi," alimwambia Baba. "Kwa neno lako." Akatoka nje.

Mzee mmoja alimwendea Baba akampiga kofi, na Baba hakuinua hata mkono wa kujikinga. Mchungaji aliingia katikati yao. Alikuwa mtu mfupi, mpole, ambaye sisi watoto tulimwigiza kwa jinsi alivyotembea, na sikujua kama ana uzito wowote ndani yake hadi siku ile. Alimshika Baba mabega.

"Mungu amekusamehe, Yona," alisema. "Sisi tutachukua muda."

Na kweli walichukua. Baba alivuliwa uzee wa kanisa. Watu waliacha kutusalimu. Mama alipokwenda mtoni, wenzake walitangulia au wakabaki nyuma. Jirani mmoja alikuwa akitema mate kila anapopita mlangoni kwetu, na kwa kuwa alipita mara nyingi, pakawa na alama. Mama mwenyewe hakusema na Baba kwa majuma. Alimwekea chakula na kugeuka.

Lakini mimi nilikuwa nimelisikia neno la mchungaji na nikalishika kama lilivyo. Mungu amesamehe. Basi mambo yamekwisha. Asubuhi ya Jumatatu niliamka mapema, nikachukua ndoo, nikashuka hadi mto wa zamani, nikakaa kwenye mchanga kungoja mto urudi. Nilikaa nikitazama upande wa juu, ambako ungetokea. Nilifikiri utakuja na kelele, kwa hiyo nilikaa karibu na ukingo ili nipate kukimbia. Nilikuwa na hakika pia, na hili sikumwambia mtu yeyote wakati ule, kwamba mto ukirudi, malka itafunguliwa, na Dahabo atakuja nyuma ya ndama.

Jua lilipanda. Baba alinikuta pale, akaniuliza ninafanya nini na ndoo. Nikamwambia. Aliketi kwenye mchanga kama mtu aliyekatwa miguu, akaufunika uso, na nikaona mabega yake yakitikisika. Sikuwahi kumwona akilia.

"Mto haurudi, mwanangu," alisema mwishowe.

Nilikasirika. Niliona tumedanganywa. "Basi Mungu amesamehe nini?"

Aliufuta uso kwa kiganja kilichojaa mchanga.

"Mimi," alisema. "Amenisamehe mimi. Mto haukuwa na kosa."

Jibu halikunifaa kitu. Nilibeba ndoo yangu tupu nikarudi nyumbani nimenuna.

Siku hizo Baba alitaka kulitupa lile jembe. Alikuwa amelipeleka hadi kwenye dimbwi, Bibi akamfuata na fimbo yake, akamkataza. Alimwambia hiyo si toba, hiyo ni kuficha. Jembe halikujipeleka konani lenyewe, na kazi bado ipo. Kwanza lakini akamtuma kwa Galgalo.

Alikwenda kwa miguu, nyikani, peke yake. Watu walisema hatarudi, na wengine walisema hivyo kwa matumaini. Alirudi amebabuka midomo. Mama, ambaye bado alikuwa hasemi naye, alisimama mlangoni akingoja kusikia. Baba alisema alimkuta Galgalo, akamweleza yote, na Galgalo akaingia bomani. Alimwacha amesimama juani mbele ya boma. Wanaume walipita na mikuki yao na hakuna aliyemgusa. Jua lilipoanza kulala, mke wa Galgalo, mama yake Dahabo, alitoka na kibuyu, akakiweka chini mbele yake bila kumtazama, akarudi ndani.

"Kilikuwa na nini?" Mama aliuliza.

"Maji," alisema Baba. "Safi. Alininywesha maji."

Mama alikaa kizingitini akalia, na baada ya hapo walianza kusemezana.

Kazi iliyokuwa ipo ilikuwa kisima. Baba aliondoa ile miiba malkani kwa mikono yake, akaanza kuchimba katikati ya mto mkavu, kwa jembe lile lile. Alichimba wiki kwa wiki. Kingo zilimwangukia, akaanza upya. Mchungaji alikuja kumsaidia, kisha siku moja Musa, bila kusalimu, akashuka shimoni akachukua karai. Siku walipoyafikia maji, ile harufu ilipanda kutoka chini ikanijaa puani, na nilikimbia. Baba alijenga hori la udongo kando yake kwa ajili ya ng'ombe, kabla hata ya kuwekea watu kibao cha kusimamia. Wanawake walinung'unika, nao walikuwa na haki. Alisema watu wana mikono ya kuchotea.

Waorma waliogopa kuja mwanzoni. Kisha akaja mmoja, akaja mwingine. Baba aliteka maji kwa kila mmoja wao, ndoo kwa ndoo, hadi viganja vikatoa damu, vikaota sugu. Hakuimba tena kwaya. Kijiji nacho kiliendelea kufa taratibu, familia moja ikienda Kilelengwani kwa ndugu, nyingine Garsen, maana kisima kimoja hakiwezi kuwa mto. Hilo hakuna aliyelikataa, hata Baba.

Galgalo mwenyewe alikuja kiangazi kingine, nikiwa nimeshaanza kurefuka. Nilikuwa kwenye mchanga na ndoo yangu, nikingoja zamu. Alikuja na ng'ombe wachache, mkono wa kulia umepona vibaya, umepinda kiwikoni. Baba alimwona. Akainama tu kisimani akaanza kuteka na kumimina, kuteka na kumimina. Lakini hori lilikuwa limepata ufa, maji yakawa yanavujia mchangani haraka kuliko alivyoyaleta, na ng'ombe wakawa wanalamba tope.

Galgalo alisimama akiutazama ule ufa. Kisha akaweka fimbo yake chini, akaokota jembe la Baba kwa mkono wake mzima. Alilishika vibaya, karibu na chuma, kama mtu anayeshika nyoka. Alichimba udongo, akausukuma kwenye ufa, akaushindilia kwa kisigino, akachimba tena. Baba alikuwa amepiga magoti kando ya kisima na kamba mkononi, haendi mbele wala nyuma, machozi yakimchuruzika kwenye ndevu. Galgalo alipomaliza, alilifuta jembe kwa nyasi, akamrudishia Baba, mpini ukiwa mbele.

Mimi niliwatazama wazee wawili wasiosemezana na moyo ukaniuma kwamba bado wana kinyongo. Nilikuwa nimekwisha kuwa mama wa watoto, na Baba yuko kaburini, ndipo siku moja nikikunja vitenge dukani nikaelewa nilichokiona: Mworma alikuwa ameshika jembe, tena jembe la Baba. Ule msamaha niliokwenda kuungoja na ndoo ulikuwa umekuja. Nilikuwa natazama upande wa juu, nikisubiri kelele.

Dahabo bado yuko chini ya mkoma wake, na mto bado uko ulikohamia. Lakini siku ile ng'ombe wa Galgalo walikunywa hadi wakatosheka, na hori halikuvuja tena.